Doa Kwenye Jicho la Kushoto

Mume wangu anachora macho. Si ya picha za ukutani. Ni macho ya kuvaliwa, ya plastiki, yanayowekwa pale ambapo jicho la mtu lilikuwa zamani. Karakana yetu ni vyumba viwili nyuma ya hospitali, vimebanana na chumba cha kufulia mashuka, kwa hiyo mchana kutwa tunanuka sabuni ya watu wengine. Yeye hukaa chumba cha mbele na mgonjwa. Mimi hukaa cha nyuma na mashine ya kung'arisha, kwa sababu jicho likitoka kwenye sufuria ya kuchemshia huwa na kingo kali, na lisiposuguliwa vizuri litamchubua mtu kope kwa ndani. Nimesugua macho miaka ishirini na sita. Mke wake nimekuwa miaka thelathini na moja.

Watu wanamwita Fundi Macho, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi anaijua. Mgonjwa huketi mbele yake, dirisha likiwa ubavuni, naye huanza kulitazama lile jicho lililobaki. Hulitazama saa nzima, hata mbili, kidevu cha mgonjwa kikiwa kati ya vidole vyake. Wanawake wengine huona haya. Mmoja aliwahi kuniambia, wakati namjaribisha jicho lake, kwamba hata mumewe hajawahi kumtazama hivyo. Nikamwambia hayuko peke yake, ila wangu mimi ndiye huyo huyo aliyemtazama yeye.

Kabla ya macho alikuwa kiwandani, akibuni maua ya vitambaa vya mapazia. Huko bosi alikuwa anapita na rula: kati ya ua na ua sentimita nne, basi. Alipokuja hospitalini kujifunza kazi hii kwa fundi mzee aliyemtangulia, jicho lake la kwanza alilipanga vivyo hivyo. Mishipa myekundu kumi na miwili ikatawanyika kulizunguka duara la rangi, yote kwa urefu mmoja, na vidoa vya kahawia vikapishana kwa nafasi sawa. Fundi mzee alilizungusha kiganjani mara mbili, akalirudisha. "Hili ni pazia, kijana," akamwambia. "Mpelekee mwenye dirisha."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuhubiri. Asili, anasema, haigawi sawasawa kama mama anayewagawia watoto nyama. Inarundika upande mmoja, upande mwingine inasahau. Mishipa ya jicho hutengenezwa kwa nyuzi nyekundu nyembamba, zilizochambuliwa hadi karibu zisionekane, na yeye hurundika tano au sita kwenye kona ya ndani, zimesokotana ovyo, huweka mbili upande wa nje, na juu pengine haweki hata moja. Kahawia huikoleza karibu na mboni, kisha huacha nafasi tupu, kisha pembeni huko anatia kidoa ambacho hakina mwenzake. Ukijaza kila mahali, anasema, anayetazama hana pa kupumzika, na mahali pasipo na kitu ndipo panapofanya kile kilichopo kiaminike.

Basi mtu huyo hapiti mbele ya ukuta uliochorwa mti bila kusimama na kusikitika, kwa kuwa majani yamepangwa kama askari kwenye gwaride. Nikimwaga maharage sakafuni, haokoti, anayasifu. Ananiambia nitazame yalivyojikusanya karibu na mguu wa meza. Mimi nitatazama nini, na ni mimi nitakayeyaokota? Lakini nilipokata nywele zangu zote, nikarudi nyumbani kichwa kama yai, aliniuliza siku ya nne kama nimebadilisha sabuni.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilikuwa na kinyongo, na kinyongo chenyewe kilikuwa cha zamani. Nilitaka mume wangu anitazame. Kwa umri wangu ni jambo la kuchekesha, najua. Nimewahi kujicheka mwenyewe pale kwenye mashine, na plastiki ikapata moto nikaiharibu.

Mwaka juzi aliletwa fundi betri. Betri ya lori ilikuwa imemlipukia usoni, tindikali ikamla macho yote mawili, na madaktari wakayatoa. Alikuja ameshikwa mkono na mkewe, mwanamke mwembamba anayeongea kwa sauti ya chini. Walikuwa na binti wa miaka mitano ambaye, tangu baba arudi kutoka wodini, alikuwa hajamsogelea hata mara moja. Akiingia chumbani, mtoto anatoka. Mke alituambia hayo akiwa amesimama, kiti alikikataa. Fundi betri mwenyewe alisema neno moja tu la maana siku hiyo. "Najua sitaona," alisema. "Nataka mwanangu aje akae na mimi."

Hapo mume wangu akakwama. Kila anayekalia kile kiti huwa na jicho moja zima la kunakiliwa. Huyu hakuwa nalo. Picha zake zote zilikuwa za mbali, za harusini na za kwenye gereji, macho ni vitone viwili vyeusi. Akamuuliza mke, macho ya mumewe yalikuwaje? Ya kahawia, akasema. Kahawia ya namna gani? Yalikuwa na alama yoyote, mistari, upande mmoja kuzidi mwingine? Mwanamke akaanza kulia bila sauti. Miaka tisa ya ndoa. Alijua saizi ya viatu vyake, alijua kovu la goti, macho hakuyajua.

Nilimdharau, sifichi. Nilisema moyoni, mke gani huyu.

Mume wangu alichora jozi kwa kubahatisha, na kwa kuwa hakuwa na cha kufuata, aliogopa. Aliniambia hawezi kumzulia mtu doa ambalo hakuwa nalo. Kwa hiyo akachora macho safi, kulia na kushoto sawa kwa sawa. Siku ya kuyavaa, mtoto alimtazama baba yake mara moja, akaingia chini ya meza yangu akakataa kutoka. Alisema yule ni mwanasesere. Baba yake alisikia. Hakugomba. Aliyatoa macho kwa kidole gumba, moja baada ya lingine, akampa mkewe kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Jioni ile nilikuwa nakosha vyombo, mgongo nimempa mume wangu, naye yuko mezani anakunja na kukunjua karatasi. Nikamuuliza, macho yangu yakoje?

"Ya kahawia," akasema.

"Kahawia gani?"

Nilisubiri. Nilisuuza sahani mbili zaidi nikisubiri. Akasema ya kawaida. Nikaendelea kuosha, na yule mke wa fundi betri nikamwomba radhi kimoyomoyo, maana yeye angalau hakuwa na kazi ya kutazama macho. Waliosema mganga hajigangi walikuwa wanatufahamu.

Asubuhi yake, karakanani, alivuta kile kiti akanionyesha nikae. Alisema anahitaji macho mawili yaliyo hai, ya kahawia kama ya yule bwana, apate kuona jinsi jicho moja linavyotofautiana na ndugu yake. Alisema hivyo tu. Nikakaa, nikiwa bado nimevaa aproni.

Siku mbili alinitazama. Sijui niseme nini kuhusu siku hizo mbili. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, na nilipotulia, kidevu changu kikiwa mkononi mwake, nilisikia moyo unanidunda kama wa mwali. Aligundua kwamba jicho la kulia lina mishipa mingi kuliko la kushoto. Aligundua kwamba kahawia yangu chini imekolea na juu imefifia. Na mchana wa siku ya pili akasogea hadi nikasikia pumzi yake, akasema nisitikisike. Kwenye jicho la kushoto, pembeni mwa duara la rangi, chini, palikuwa na doa. Kahawia nzito, kingo zake hazikunyooka, upande mmoja limevuka mpaka kidogo.

"Hili ndilo nililokuwa natafuta," alisema. "Doa kama hili ndilo linalofanya jicho liwe la mtu. Ningekaa mwaka nabuni, nisingejua kuliweka hapo."

Nilifurahi. Nayaandika haya nikiwa najua yaliyofuata, lakini nilifurahi, na usiku ule nilijitazama kwenye kioo nikaliona doa langu na kuliona zuri. Kwa miezi kadhaa jicho hilo lilikuwa linaona kitu kama moshi upande mmoja, nikidhani ni vumbi la mashine. Siku ile sikuona sababu ya kulitaja.

Fundi betri alivaa jozi ya pili. Mkewe alirudi nyuma hatua moja, akashika ukuta. Akasema ndiyo haya, haya ndiyo yaliyokuwa yake, hata hilo doa sasa analikumbuka. Mume wangu akaangalia sakafu. Mtoto alitoka mlangoni polepole, akafika kwenye goti la baba yake, akanyoosha kidole bila kugusa, akauliza kama hapo panauma. Baba akasema hapaumi. Basi mtoto akapanda akakaa, akawa anachezea vifungo vya shati lake. Yule bwana alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, anaogopa hata kumgusa, asije akashuka.

Ilipita karibu nusu mwaka. Fundi betri alirudi ili macho yang'arishwe, na daktari wa macho, mama mmoja kijana aliyekuwa amehamia hospitalini kwetu, aliingia kuazima taa. Akasimama mbele ya mgonjwa. Akainama. Mume wangu akatabasamu, maana amezoea madaktari wasimame hivyo. Daktari akauliza, lile doa alilitoa wapi?

"Kwa mke wangu," akasema mume wangu, kwa fahari kabisa.

Daktari akageuka akanitazama. Nilikuwa mlangoni na kitambaa mkononi. Alivuka chumba, akanishika mkono taratibu, akanisogeza dirishani, na aliponiangalia jicho sikuona haya kama wale wanawake. Niliogopa. Aliniambia, "Mama, acha kazi, njoo na mimi sasa hivi."

Ulikuwa uvimbe. Ulianzia ndani, nyuma ya rangi ya jicho, na lile doa lilikuwa ncha yake tu iliyochungulia. Walisema ungeonekana miezi sita nyuma, wangeukata wakaliacha jicho. Walisema lazima kuna mtu aliwahi kuliona, kwa ukubwa ule. Mume wangu alikuwa kwenye benchi la korido, kofia mapajani. Niliketi kando yake, na tukakaa hapo mpaka wafagiaji wakatuomba tuinue miguu.

"Nililiona," akasema. "Nikalisifu."

Nilikuwa na maneno mengi, na lolote ambalo ningelisema lingekuwa kweli, na wala lisingerudisha kitu.

Walilitoa jicho la kushoto mwezi uliofuata. Jicho la kawaida humchukua mume wangu siku nne. Langu alilichora wiki tano. Alikuwa na jicho la kulia la kunakili, jicho kwa jicho, hakukuwa na cha kubahatisha. Aliweka nyuzi, akazing'oa. Aliweka tena. Alifika mahali pa kutia vidoa vya kahawia, brashi ikasimama hewani, akashindwa kuishusha. Mwishowe akaniletea, nikaliweka kwenye mashine nikalisugua mwenyewe.

Ni jicho safi. Mishipa yake ni michache na imekaa kwa adabu, kila mmoja mbali na mwenzake. Kahawia imezunguka sawasawa, hakuna doa hata moja. Hakuna kazi yake mbaya kuliko hiyo. Wagonjwa wanaokuja huniangalia, wakaangalia jicho, wakauliza kwa upole ni nani alinitengenezea, na mimi husema ni fundi mmoja wa zamani. Yeye huwa anasikia. Kumwambia alirudie sijaweza, kwa kuwa najua mkono wake utakataa.

Fundi betri bado huja kila baada ya miezi sita. Huyavua, hunikabidhi, na mimi huyashika kiganjani, lile la kushoto likinitazama na doa lake. Nalisugua taratibu zaidi ya jingine. Mwanawe sasa ana miaka saba, humsubiri nje ya mlango akiimba.

Na mume wangu ananitazama sasa. Kila asubuhi, kabla ya chai, ananisimamisha dirishani na kunishika kidevu, ananitazama jicho la kulia muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mgonjwa yeyote. Ndicho nilichokitaka miaka thelathini na moja. Nasimama nikisikia pumzi yake, naye anatafuta doa. Nikimuuliza ameona nini, anasema hajaona kitu, kisha anakwenda kuweka maji jikoni.