Malkia wa Madobi

Walburga Egger aliingia Paris mwaka uleule alioletwa binti mfalme wa Austria kuolewa na mrithi wa kiti cha Ufaransa. Yule alikuja kwa magari ya farasi, akirushiwa maua njia nzima. Walburga, msichana wa kazi, alikuja kwa miguu nyuma ya mkokoteni wa mfanyabiashara wa sufu, visigino vimejaa malengelenge. Wote wawili walizaliwa Austria, chini ya enzi moja, na kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la kuchekea tu.

Aliolewa na mchota maji, akamzika, akabaki na mikono yake. Mikono hiyo ilijulikana kwenye mashua ya kufulia iliyofungwa kando ya mto Seine, maana hakuna doa la mvinyo lililowahi kuishinda. Ndiyo sababu, katikati ya Kwaresima moja, madobi walipochagua malkia wao kama walivyozoea kila mwaka, walimchagua yeye. Taji alilishona Perrette Guillemot, aliyefua ubavuni mwake tangu ujana: kadibodi, karatasi ya dhahabu, na uzi mwekundu kuzunguka ukingo.

"Inama, Mtukufu," Perrette alimwambia. "Kichwa kikubwa kama kabichi, nimemaliza karatasi ya duka zima!"

Malkia wa madobi hatupi taji lake. Hulitunza mpaka Kwaresima nyingine, akamvika mwenzake. Lakini Kwaresima nyingine ilipofika, mfalme alikuwa amekwisha kukatwa kichwa, na neno malkia halikutoka mdomoni ila kwa tusi. Hakuna aliyechaguliwa. Walburga alijaribu kumpa dobi mmoja taji lile, akajibiwa, "Mimi? Kutoka kwako wewe Mwaustria sipokei hata chumvi." Taji likabaki chini ya kitanda chake, ndani ya kikapu. Mara kadhaa alikusudia kulitia motoni. Kila alipolishika, aliona mishono ya Perrette, akalirudisha.

Vuli ikaja, na yule Mwaustria mkubwa, mke wa mfalme aliyeuawa, ambaye sasa aliitwa mjane wa Capet tu, akapelekwa mahakamani. Watu wakaanza kusikiliza jinsi Walburga anavyotamka maneno. Kwenye foleni ya mkate walimwachia nafasi mbele na nyuma, kama mtu mwenye upele.

Siku moja raia Brochard (siku hizo kila mtu aliitwa raia), fundi viatu na mjumbe wa kamati ya mtaa iliyowasaka wafuasi wa mfalme, alishuka kwenye mashua kuleta mashati yake. Akayaweka chini taratibu.

"Nasikia humu mna malkia."

Vibao vya kupigia nguo vikanyamaza vyote. Perrette ndiye aliyejibu, akicheka.

"Yumo, raia! Panya mmoja, ana mkia hivi. Anatumalizia sabuni."

Brochard alicheka kwa mdomo tu. Walburga, aliyekuwa akikamua shuka, alikuwa akijiuliza jambo moja: nani amemwambia? Na mbona Perrette amejibu upesi hivyo, kama mtu aliyejua swali litakuja? Kisha akakumbuka kwamba juzi alimwona Perrette akitoka dukani kwa Brochard, na mkononi hakuwa na kiatu.

Kesho yake jioni Perrette alipanda ngazi mpaka chumbani kwake.

"Lile taji liko wapi?"

"Taji lipi?"

"Usinichezee, shoga."

Walburga alikoroga supu ya vitunguu asimtazame. "Nililichoma zamani."

"Niapie."

"Naapa."

Perrette alishusha pumzi. Walburga aliisikia pumzi ile, akaona ni ya mtu aliyekosa alichotumwa.

"Kwa nini unauliza?"

"Basi tu." Akaondoka bila kuonja supu.

Asubuhi iliyofuata ngoma za askari zililia mji mzima. Mjane wa Capet alikuwa akipelekwa kukatwa kichwa. Walburga alikuwa uani kwake, anachemsha nguo katika maji ya majivu, jirani yake alipoingia akihema.

"Perrette yuko mbele ya kamati tangu alfajiri!"

"Nilijua," alisema Walburga.

"Ulijua nini wewe? Umeshtakiwa kwamba umeficha taji! Juzijuzi alikwenda dukani kwa Brochard kumbembeleza akuache, akafukuzwa. Leo amewaapia kwamba taji lilichomwa. Kasema wakilikuta, wamkate yeye kwanza. Wanakuja kupekua!"

Walburga alipanda ngazi kwa mikono na miguu. Aliposhuka, alilisukumiza taji ndani ya sufuria kwa mti, akalikandamiza chini ya mashati, akakoroga mpaka kadibodi ikawa uji.

Waliingia, Perrette akiwa katikati yao. Walipindua godoro, wakakung'uta kikapu. Brochard akasimama juu ya sufuria.

"Na humu?"

"Mashati yako, raia. Yatoe ukitaka, ila yanaunguza."

Alitazama mvuke, akamtazama Walburga. Kwa mbali, kutoka upande wa uwanja wa kukatia vichwa, umati ulipiga ukelele mmoja mrefu, na wajumbe wote wakageuza shingo. Brochard akavaa kofia yake, wakaenda. Perrette alimkumbatia Walburga.

"Kichwa chako kikubwa hicho," alinong'ona, "kimebaki."

Kesho yake walisuuza pamoja, bega kwa bega. Perrette alichukua shati la Brochard, akalikunjua kwenye maji, akatulia. Kwenye mkono wa shati palikuwa pamegandamana chembe ya dhahabu, na kando yake kipande cha uzi mwekundu. Uzi wake mwenyewe. Aliubandua kwa ukucha polepole, akauacha uende na mto.

"Kwa hiyo nilipouliza, lilikuwapo."

Walburga aliufuata uzi kwa macho.

"Nimeweka shingo yangu mbele ya watu wale. Kumbe ulidhani mimi ndiye niliyekuchongea."

Akabeba kibao chake, sabuni yake na beseni lake, kwenda kufulia ncha ya pili ya mashua. Walburga alikuwa amesimama njiani, mikono ikichuruzika.

"Nipishe, raia," Perrette alisema.

Akampisha.