Ngoma Bila Moto

Mwalimu mkuu wetu aliogopa moto kuliko alivyomwogopa afisa yeyote, na kwa hilo simlaumu. Kabla sijaanza kazi pale, darasa moja la makuti liliungua kwa cheche zilizotoka jikoni, na ni yeye aliyeingia kuwatoa watoto. Tangu hapo akapiga marufuku: moto usionekane popote katika eneo la shule, hata wa kuchoma kipande cha muhogo. Alikuwa mtu wa bara, suruali zake zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Ninachomlaumu ni kwamba hakutaka kabisa kuelewa kuwa ngoma nayo huhitaji moto.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa binti wa palepale, kijiji cha kusini kilichoko upande wa barabara ya Nanyamba, nimemaliza shule nikapewa watoto wadogo ambao umri wao wa darasa la kwanza haujafika. Mama zao walikuwa mashambani, na mtoto wa miaka minne huwezi kumwacha na kuku. Tulipewa chumba kimoja chenye bati na sakafu ya saruji, chumba kizuri kuliko vyote pale shuleni, kwa sababu tu wakati ule hakuna aliyekihitaji. Kazi yangu niliiita nyimbo na michezo. Mwalimu mkuu aliiita kelele.

Haikuwa kelele. Tulitembea kama kaa, tukaruka kama chura, tukanyatia kama paka anayeiba samaki. Ngoma ikiacha, wote wanaacha, mguu ukiwa juu unabaki juu. Hilo la kuacha ndilo gumu. Kucheza walikuja nako kutoka migongoni mwa mama zao, lakini kunyamaza pamoja, mwili mzima, kulituchukua miezi. Siku walipoweza kwa mara ya kwanza nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya choo.

Ngoma nilipewa na mjomba wangu wa Msimbati. Ilikuwa ndogo, imewambwa ngozi ya paa, na ilikuwa na tabia ya ngoma zote za kwetu: bila kuoteshwa moto haisemi. Ngozi hulegea, ukiipiga unasikia kama unapiga gunia la makopa ya muhogo. Ndiyo maana kwenye ngoma zetu utaona kwanza moto wa majani makavu, wapigaji wakizungusha ngoma zao juu ya miali, wakigonga na kusikiliza. Ikipoa katikati ya mchezo, wachezaji hawapigi kelele wala hawamtukani mpigaji. Wanakaa chini. Kukaa ndiyo adabu yenyewe, ndivyo anavyoambiwa mpigaji arudi motoni, na mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla hajajua kufunga kanga.

Kwa kuwa shuleni moto ulikuwa haramu, kila asubuhi niliiotesha kwenye mafiga ya mama, nikaifunga kwa kanga mbili, nikatembea nayo mbiombio kifuani kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Nikifika inalia vizuri kwa nyimbo chache, halafu inaanza kulegea, na sisi tunamalizia kwa makofi tukiwa tumekaa. Watu walinicheka njiani. Nilijikaza kisabuni.

Msimu wa korosho ulipokaribia, chama cha ushirika kikakitaka chumba chetu kiwe ghala. Korosho hazitaki unyevu, na chumba kikavu kilikuwa kile. Afisa wa elimu angekuja kutoka mjini kuangalia kama hao watoto wanajifunza kitu cha maana. Wakionekana wanajifunza, chumba tunabaki nacho. Wasipoonekana, tunarudi chini ya mti, na mvua ikianza kila mtoto kwao. Mwalimu mkuu alinieleza hayo taratibu, kama mtu anayempa pole mfiwa.

Tulijiandaa vizuri. Siku yenyewe niliotesha ngoma mpaka mama akasema nitaipasua. Watoto walikuja wameogeshwa, wamepakwa mafuta, wengine wamevaa nguo za Idi. Mgeni aliahidi kufika saa tatu.

Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Mawingu yakafunga, manyunyu yakaanza, na ngoma niliyoikumbatia nikaisikia inapoa mikononi mwangu. Saa tano nikaenda kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, naomba moto kidogo tu. Majani mkono mmoja, kule mbali, karibu na barabara."

"Dada, tulishaongea hilo."

"Basi nikimbie nyumbani, nirudi sasa hivi."

"Na mgeni akifika, wewe hupo?"

"Mgeni mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko njiani. Ngoma ni ngoma, dada. Piga kwa nguvu."

Piga kwa nguvu! Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo mori unanipanda. Nilirudi darasani nikaisugua ngozi kwa viganja, nikaihemea pumzi zangu, nikaifunika kwa kanga yangu na ya mama. Ilikuwa kazi bure na nilijua ni kazi bure.

Afisa alifika baada ya adhuhuri, viatu vimejaa tope, njaa imemjaa usoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimia watoto, wakamwitikia kwa pamoja vizuri sana, akatabasamu, akaketi. Nikasimama mbele, nikapiga.

Bu. Bu. Bu.

Watoto walinitazama. Nikapiga tena kwa nguvu, kama nilivyoagizwa, na ngozi ikajibu vilevile. Hapo safu ya mbele ikakaa chini. Ikafuata ya pili, kisha wote, bila kusukumana, miguu wameikunja, mikono mapajani. Walikaa vizuri ajabu. Sijawahi kuona watoto wadogo wakikaa kwa pamoja namna ile. Binti mmoja mdogo wa mbele, mwenye kipini puani, akaniambia kwa upole kabisa:

"Mwalimu, ngoma imelala hiyo. Ipeleke motoni."

Mwalimu mkuu akapaza sauti: "Simameni! Simameni mcheze!" Hawakusimama. Wangesimamaje? Mimi mwenyewe ningekuwa mchezaji ningekaa. Nikajaribu kumweleza afisa, lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kuomba radhi kwa niaba yangu, na maneno yangu yakapotea katikati ya radhi zake.

"Ni wazito bado," afisa alisema, akiinuka. "Wapeni muda, wakue. Chumba kitumike kwa korosho."

Alisema kwa huruma. Laiti angesema kwa ukali, ningepata pa kuelekeza hasira zangu.

Siku magunia yalipoletwa, mvua ilikuwa imekatika. Wachukuzi walikuwa vijana wa kijijini, na hawakuwa na ngoma yoyote. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia, na nyayo zao zikawa zinapiga saruji kwa pamoja chini ya uzito: hatua, hatua, kutua, pumzi. Watoto wangu, ambao walikuwa wamekuja kama kawaida kwa kuwa hakuna aliyewaambia wasije, waliwaangalia kidogo tu. Kisha wakajipanga nyuma yao. Wakaingia nao mlangoni, migongo imepinda kama wamebeba, wakazunguka, wakatoka. Wachukuzi waliposimama kupumua, watoto nao walisimama, wote kwa mpigo mmoja, na binti yule wa kipini mguu wake mmoja ukabaki hewani, hautikisiki.

Nilikuwa nimesimama nje na ngoma yangu kwapani. Nilijivunia wale watoto mpaka kifua kikaniuma, na wakati huohuo nilitamani kuitupa ile ngoma kwenye bati nisikie mlio wake.

Mwalimu mkuu alikuja akasimama karibu yangu. Akawatazama watoto.

"Kumbe wanaweza," akasema.

Nilimwachia ngoma aishike, nikaingia ndani kuwatoa watoto mmoja mmoja kwa mkono, maana magunia yalikuwa yameshafika karibu na mlango, na pale sakafuni hapakubaki nafasi ya mtoto kugeuka.