Gunia Chini ya Gramafoni

Baba yangu alikuwa seremala kijijini Rhotia, mkaidi kama msumari uliopinda, na gramafoni yake ya betri hakuruhusu mtu aiguse. Adui yake alikuwa barabara. Lori likipita kwenda Ngorongoro nyumba nzima inatetemeka, sindano inaruka, santuri inachubuka. Na santuri yenye maana ilikuwa moja tu: ile ya kwaya ya kanisa, ambamo mama anaimba peke yake ubeti wa tatu. Mama alifariki mdogo wangu wa pekee akiwa bado ananyonya. Sauti ile ndiyo mama pekee aliyemjua.

Baba alijaribu matambara, akajaribu vipande vya tairi. Mwishowe akalaza sakafuni gunia la maharage, mavuno ya mwisho ya mama, juu yake akaweka jiwe la kusagia la bibi, na juu ya jiwe gramafoni. Maharage yakameza mtikisiko wote. Lori linapita, vikombe vinagongana kabatini, mama anaimba zake tu. Baba akatuita tuje tuone, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba.

Mwaka uliofuata mvua ikatukimbia. Tulikunywa uji mwepesi, halafu mwepesi zaidi. Mdogo wangu akaacha hata kulia, akawa ananitazama tu, na hilo ndilo lililonitisha. Baba akasema gunia lile haliguswi. Hasira niliyopata siku ile sijaimaliza mpaka leo. Nikalifumua pembeni, nikawa nachota bakuli moja moja yeye akiwa kazini, na pengo naliziba kwa magunzi ya mahindi. Nilimwambia maharage tumepewa na jirani. Alikula, tena akamwombea jirani baraka.

Jumapili moja tulipotoka kanisani akaweka santuri. Mama ndiyo kwanza ameingia ubeti wa tatu, lori likapita. Jiwe likayumba juu ya magunzi, na sindano ikakwaruza ubeti wote.

Baba akafungua gunia. Akatoa gunzi, akaligeuza geuza mkononi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Ungeniambia, binti yangu," alisema. "Tungeyala wote, bila kumsingizia jirani."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Kesho yake alijaza gunia mchanga, na malori hayakutusumbua tena, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mama anaimba maneno matatu, sindano inaruka, kwaya inamalizia.

Mdogo wangu sasa ana watoto wake. Juzi alikuja kunisalimia, akaniuliza, "Dada, pale panaporuka, mama alikuwa anaimbaje?"

Nikafungua kinywa nimwimbie. Maneno ninayo yote. Sauti ya mama nilipoitafuta sikuipata, ilishanitoka sijui lini, na baada ya baba kufa nilikuwa mtu wa mwisho aliyebaki nayo. Yeye akawa ananitazama tu, kama alivyonitazama mwaka ule wa njaa.