Harusi Mwisho wa Kitabu

Nimekaa miji mingi, na karibu yote niliiaga bila kugeuka nyuma. Maskati nimekawia. Naishi chumba cha uani kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa, huku Al Khoudh. Kilichonishika ni baraza yetu ya Alhamisi baada ya Magharibi: watu wanne, kahawa, halua na kitabu.

Safari hii dada, anayesomesha chuo kikuu, alichagua riwaya nene ya zamani ya Kiingereza, iliyosifika kwa ugumu, habari za ukoo mmoja na nyumba yao kubwa. Yeye na mimi tulipata nakala za dukani. Mumewe alikosa, akaichapisha kutoka mtandaoni kwa sehemu tatu, kila moja ikianzia ukurasa wa kwanza, akazipeleka Ghala, mtaa wa wachapaji hapa Maskati, kutiwa majalada. Mama mkubwa, ambaye macho yake hayataki tena herufi ndogo, alingoja kusimuliwa.

Tulikubaliana kila mtu amalize kwanza, ndipo tuzungumze. Siku ilipofika, dada akasema kitabu kimemliza, hasa yule mjane mwishoni, peke yake katika vyumba vitupu.

"Mwishoni?" Shemeji akacheka. "Mjane ndo mwanzo. Mwisho ni harusi, nyumba imejaa mpaka ukumbini."

"Wewe bwana hukusoma."

"Nimesoma kila herufi."

"Basi umesoma muhtasari, tena wa uongo."

Shemeji hakumaliza shule. Kiingereza chake alijifundisha mwenyewe, usiku baada ya kazi, na kuambiwa vile na mke msomi, mbele yetu, kulimchoma. Akasimama. "Mie sikai tena baraza ya kuitwa muongo."

Bila yeye baraza ingekufa, nililijua hilo. Papo hapo nikaikumbuka kazi niliyoitiwa mji wa Salala, ambayo nilikuwa sijaijibu.

"Hebu lete kitabu chake," mama mkubwa akaniambia. "Msigombane hewani."

Nikazileta sehemu zote tatu, nikazilinganisha na nakala yangu. Ile iliyobandikwa nambari moja ilikuwa ya tatu, na ya tatu ndiyo ya kwanza. Mafundi wa Ghala wamezoea vitabu vya Kiarabu. Sehemu zilipopangwa mezani, walizibandika nambari kuanzia kulia.

"Na wewe hukushangaa?" dada akauliza, sauti imeshapoa.

"Nilishangaa sana! Watu siwajui, wanalia, sijui wanamlilia nani. Lakini si mlinambia kitabu kigumu? Nikaona ndo ugumu wenyewe."

Mama mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Dada naye akacheka, kisha akamvuta mumewe mkono. "Kaa, bwana. Nisamehe. Umesoma kwa tabu kuliko sisi sote."

Akakaa, lakini hakusalimu amri. "Changu kizuri zaidi. Ukishamjua yule mjane, ile harusi huwezi kuisoma kavukavu. Kila anayecheza ngoma unajua atakwenda wapi."

"Mwandishi hakutaka hivyo."

"Mwandishi hajafika Ghala."

Wakaendelea kubishana, sasa kwa raha, huku mama mkubwa akiwachochea wote wawili. Mimi nilikuwa upande wa shemeji. Miji yangu nami naikumbuka hivyo, kutoka chumba kitupu kurudi kwenye kelele. Nikaomba niazimwe sehemu zake tatu, kwa mpangilio ule ule wa makosa.

Asubuhi nikapiga simu Salala. Nikawaambia watafute mtu mwengine, mimi nina kitabu cha kusoma upya kabla ya Alhamisi.