Nina Moja

Juzi jirani yangu alichoma pilipili hoho uani kwake, na moshi ukavuka ua ukaniingilia jikoni. Harufu ya nyama choma tumeizoea huku ughaibuni, Penrith, kila Jumamosi ipo. Hii ilikuwa nyingine: ganda la hoho linaloungua mpaka kuwa jeusi, na chini yake utamu kidogo unaotoka polepole. Nilikuwa naosha vyombo. Nikasimama na sifongo mkononi, maji yakimwagika bure, na wivu ukanipanda mpaka kooni kana kwamba bado nina miaka minane.

Ndiyo, wivu. Wenzangu wakikumbuka utoto hukumbuka maembe mabichi na kuruka kamba. Mimi hukumbuka wivu, nanyi mnaonisoma mtaniwia radhi, maana wivu wenyewe ulikuwa juu ya nyanya wa watu. Nasema nyanya wa watu, aliyezaa wazazi, si nyanya ya mchuzi. Katika habari hii ni vineno vidogo kama hivyo vilivyonitesa.

Mama alikuwa muuguzi katika makao ya wazee kule Lidcombe. Aliondoka na treni ya alfajiri, akarudi jua limezama na miguu imevimba, na kati ya kengele ya shule na treni yake ya kurudi palikuwa na pengo ambamo sharti mtu anitunze. Jirani yetu wa mkono wa kushoto alikuwa mjane wa Kikroatia, mfupi, wa kitambaa cheusi kichwani, aliyepanda hoho na kabichi mahali ambapo wengine mtaani walipanda nyasi. Alimwambia Mama, kwa Kiingereza chake kilichosaidiwa na mikono, kwamba mtoto aje kwake kila alasiri. Naye alikuwa na mjukuu wa umri wangu, tungecheza.

Kwao nyanya huitwa baba, na jina lake lilikuwa Ana. Basi akawa Baba Ana, na balaa ya lugha ikaanzia hapo. Siku moja mama mdogo alipiga simu kutoka Voi akauliza mtoto yuko wapi, na Mama, akikatakata vitunguu, akajibu tu kwamba mtoto yuko kwa Baba Ana. Kisha mama mdogo akauliza, kwa ile sauti anayoitumia kwenye kikao cha akina mama kanisani, kama mama yake huyo Ana ana habari. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mjukuu aliitwa Nina. Hebu lisikilizeni jina hilo kwa sikio la Kiswahili. Nina, nina, nina: mtoto anakupita akitangaza kwamba anavyo. Na kweli alikuwa navyo. Nyumba ile mtu hakanyagi na viatu, na pale mlangoni Nina alikuwa na malapa yake mwenyewe ya sufu nyekundu, yaliyofumwa na Baba Ana kwa kipimo cha mguu wake. Mimi nilivaa malapa ya wageni. Yalikuwa makubwa na yalipiga kelele nikitembea, hivyo kila mtu nyumbani mle alijua mgeni yuko chumba gani.

Siku ya kwanza kabisa tulikuwa uani, na Baba Ana akaita kutoka gereji alikokuwa akichoma hoho. Alivuta sauti, akasema, "Nina moja!"

Niliganda. Nyumbani Mama alinisemesha Kiswahili nami nikamjibu Kiingereza, kama watoto wengi wa huku, lakini kuelewa nilielewa. Nina moja. Anayo moja. Mwanamke huyu anautangazia mtaa mzima kwamba mjukuu anaye mmoja tu, na mimi nimesimama hapa mbele yake. Na hakusema mara moja akaacha. Chakula kikiwa tayari, nina moja. Akiamka kutoka usingizi wa mchana, nina moja. Mtu gani anajisifia hesabu ndogo namna hiyo?

Nilimshtakia Mama jioni, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Kwanza hakuelewa. Alipoelewa alizuia kicheko, kisha akanifundisha Kiswahili badala ya kunipa pole. Alisema mtu hahesabiwi moja. Nyumba ni moja, hoho ni moja, lakini mtu ni mmoja. Angekuwa anahesabu wajukuu angesema nina mmoja. Nikamjibu kwamba huenda Baba Ana anakosea tu, kama mimi ninavyokosea kila siku. Mama akaomba taulo.

Nikamwuliza Nina mwenyewe. Alikuwa amelilalia kochi, macho kwenye televisheni, akaniambia bila kugeuka kwamba kwa Kikroatia moja ni yangu, au wangu. Nina wangu, ndiyo maana yake.

Afadhali ningebaki na hesabu. Moja huongezeka ikawa mbili, hata mtoto mdogo anajua. Lakini yangu, mtu anaingiaje mle ndani? Nilirudi kwetu nimenuna, na wivu uliokuwa mwepesi ukawa mzito. Nilitaka mwanamke yule aniite mimi moja. Nilitaka aniite hivyo kwa sauti, mbele ya watu, na Nina akisikia.

Nikaamua kujifunza Kikroatia. Nina hakukisema, alikielewa kidogo akajibu Kiingereza, kama mimi na Kiswahili chetu. Niliona shamba halina mlimaji. Mama alipenda kusema mchumia juani hulia kivulini, nami nikajitia juani, yaani kwenye meza ya gereji, mbele ya beseni la hoho zilizochomwa, tukizimenya mimi na Baba Ana huku vidole vikiwaka.

Neno la kwanza lilikuwa crvena, yaani nyekundu. Jaribuni kulitamka. Irabu zimekimbilia mwisho, na mwanzoni mmeachiwa mawe matupu. Nilipolimudu nikajiona msomi, nikanyoosha mkono nikasema daj mi crvena paprika, nipe hoho nyekundu. Baba Ana akalivuta beseni upande wake. "Crvenu papriku," alisema. Kumbe hoho ikikaa mezani ni crvena paprika, lakini ukiitaka, maneno yote mawili yanabadilisha mikia. Ukiikosa, mikia mingine. Ukila mkate pamoja nayo, mingine tena. Sikupewa hoho mpaka mikia yote miwili ilipokaa sawa, na nyingine nilizitamani alasiri nzima nisizipate.

Halafu lile neno lenyewe nililolifuata. Nilidhani ni moja, basi, nimelijua. La. Kisu ni moj nož, nyumba ni moja kuća, mtoto ni moje dijete. Nikiiona nyumba yangu ni moju, nikiwa ndani yake ni mojoj. Kiingereza kilikuwa kimenidekeza. Kwa Kiingereza yangu ni neno moja tu, linaingia nyumba yoyote bila kuvua viatu.

Nilimlalamikia Mama, naye akafurahi kwa namna ambayo sikuipenda. "Sasa umeonja," alisema. "Kisu changu, nyumba yangu, jina langu. Nimekuimbia hayo tangu unanyonya. Hukusikia, ukaenda kuyasikia kwa jirani." Alicheka kidogo, lakini alipoinuka kwenda jikoni alivifunga vikabati kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilidhani ni uchovu wa kazi. Haikunijia kwamba mtu mzima naye huona wivu.

Hata jina langu liliota mikia. Naitwa Neema. Baba Ana akimtuma Nina aniite alisema zovi Neemu. Akimwambia anipe kitu alisema daj Neemi. Nilihesabu hilo kuwa tusi: mjukuu wa watu analo jina, mimi jina langu halikumbukwi hata saa moja. Kwamba la Nina nalo liligeuka Ninu na Nini sikuliona, kwa sababu nilikuwa nahesabu majeraha yangu peke yangu. Na kwamba mikia hiyo hupewa maneno ya nyumbani, na la kigeni kabisa huachwa likakaa kama lilivyokuja, hilo nilikuja kulijua nikiwa nimeshaanza kupaka rangi mvi.

Siku niliyoisubiri ilifika Jumapili moja baada ya misa. Wakroatia walikuwa na chakula cha pamoja katika ukumbi wa parokia, kondoo wanazungushwa motoni nje, wazee wanaimba kabla hata ya kunywa. Baba Ana alituchukua sote wawili. Mama alinisuka nywele usiku uliotangulia na kunipaka mafuta mpaka magotini. Nilikuwa nimekariri sentensi zangu, na mikia yake yote.

Mama mmoja wa hereni kubwa aliniangalia juu mpaka chini, kisha akamwuliza Baba Ana, "A čija je ova mala?"

Huyu mdogo ni wa nani. Nilielewa kila neno, hata mkia wa la mwisho. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameuliza swali ambalo jibu lake ni neno langu, na ukumbi ulikuwa umejaa, na Nina alikuwa pale pale akila keki.

Baba Ana aliweka mkono juu ya kichwa cha Nina. "Ovo je moja Nina," alisema. Kisha akanigeukia, na mkono uliokuwa na kipande cha mkate ukazunguka hewani kuelekea meza zote. "A Neema je naša."

Naša. Wetu. Yule mama wa hereni akatabasamu, akaniwekea nyama kwenye sahani, akanipapasa shavu, na watu wawili watatu wa meza ile wakarudia, naša, naša. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Wetu ni kama bustani ya mtaa. Ni kama kituo cha treni. Nina ana mwenyewe, mimi ni mali ya umma. Nyama sikuila, keki niliikataa, na sentensi zangu zote nilizimeza bila kutoa hata moja.

Nyumbani nililia. Nilimweleza Mama kwa Kiingereza, maana Kiswahili changu hakikutosha kwa uchungu wa kiasi kile. Alinisikiliza huku akinifumua nywele kwa kuchana taratibu.

"Si amekuita wetu?" aliuliza. "Mbele ya watu wao wote?"

Nikatikisa kichwa kukubali, na machozi yakazidi.

"Mimi niko na hawa watu wa kazini miaka yote hii, Neema. Nawaosha, nawalisha, nafanya double shift. Hakuna aliyeniita wao."

Sikumwelewa. Nilisikia tu kwamba Mama naye amehamia upande wao. Niliendelea kwenda kwa Baba Ana, niliendelea kumenya hoho na kurekebishwa mikia, lakini niliacha kusubiri. Tulipomaliza shule ya msingi Nina na wazazi wake wakahamia mbali, mimi nikawa mkubwa wa kukaa peke yangu na ufunguo, na maisha yakatutawanya kama yanavyofanya.

Mwaka jana Nina alinipigia simu. Namba yangu aliipata kwa Mama, ambaye siku hizi anaishi nami. Baba Ana alikuwa katika makao ya wazee, na Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Alibaki na ile lugha yake ya kwanza, na wauguzi hawakuijua. Babake Nina, ambaye angetafsiri, alikuwa ametangulia mbele ya haki, na Nina mwenyewe alikuwa ameisahau hata ile kidogo aliyoielewa utotoni. Nina aliongea haraka haraka, kama mtu anayeomba kitu cha aibu. Aliniomba nije nimsikilize nyanya yake anasema nini.

Nilimkuta dirishani, mdogo kuliko nilivyomweka kichwani, kitambaa kile kile cheusi. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama daktari mpya. Jina langu hakulikumbuka, kwa mkia wala bila mkia. Nilikaa karibu, nikatafuta maneno ya kuanzia, nikamwambia kwamba mama yangu anaishi nyumbani kwangu. Nilisema, "Mama živi u moja kuća."

Uso wake ukaamka. "U mojoj kući," alisema, na akanipiga kofi dogo la mkono.

Tukaanza hapo. Alizungumza kuhusu theluji, na punda wa baba yake aliyekataa kuvuka daraja, na nilipokosea alinikatiza, na nilipopatia alisema tako je, ndivyo. Tulicheka. Alinishika mkono akaukumbatia kifuani. Sijui tulikaa muda gani hivyo, maana nilikuwa nimesahau kwamba chumbani tuko watatu.

Nina alikuwa upande wa pili wa kiti, mkoba magotini, midomo imetengeneza tabasamu linalosubiri kutafsiriwa. Nilipomgeukia nimweleze habari ya punda, alitikisa kichwa kwamba si lazima.

"Ilikuwa hivi hivi," aliniambia kwa Kiingereza, pole pole. "Nyinyi wawili kwenye meza ile mnagombania maneno, na mimi kwenye kochi. Mimi hakunisahihisha hata siku moja."

Nilikuwa nikimwangalia usoni, na pale usoni palikuwa na kitu nilichokijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani, namna ya macho kutaka kugeuka yasione, na kushindwa. Nilikilea mwenyewe, alasiri baada ya alasiri, kwenye malapa ya wageni. Miaka yote ile nilidhani kijicho kile ni changu peke yangu. Kumbe kilikuwa chetu.