Pete kwa Kipimo cha Kidole Changu

Mdogo wangu, anayeishi ughaibuni, alimtumia mama kipande cha fedha cha mviringo, kizito, kilichotengenezwa kwa mfano wa sarafu ya dhahabu ya ukumbusho ya zamani. Upande mmoja kilikuwa na merikebu, wa pili mwanamke mwenye taji la majani. Wageni waliokuja kwetu mtaani Iftin walionyeshwa kipande hicho kabla ya chai.

Mimi ndiye niliyebaki na mama. Dawa zake za presha nazifuata mimi, na kliniki nampeleka mimi. Hakuna mgeni aliyewahi kuonyeshwa dawa.

Siku moja, mbele ya majirani, nilisoma kwa sauti kikaratasi kilichokuja nacho.

"Ya dhahabu ni ile ya kale, Hooyo. Hii ni fedha tu. Ni mwigo."

"Najua," mama alijibu. "Kwani mwanamume huvaa dhahabu?"

Kesho yake alinipeleka kwa sonara sokoni, akakiweka kipande juu ya meza. "Kiyeyushe, unifanyie pete ya kiume." Akanigeukia. "Lete mkono."

Niliunyoosha haraka kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Sonara akanivisha kipimo, kikaingia sawasawa.

"Hapo hapo," mama akamwambia. "Huyu na mdogo wake vidole vyao ni sawa tangu utotoni. Maskini yuko peke yake kule. Avae kitu kilichopita mikononi mwangu."

Mkono wangu ulikuwa bado hewani.

"Kinabana," nikasema.

Sonara alikizungusha kipimo bila shida. "Kidole kimenenepa sasa hivi?"

"Kinabana. Ongeza."

Akaongeza.

Pete ilipelekwa na msafiri. Baada ya wiki chache mdogo wangu alipiga simu ya video, akainua mkono. Pete aliizungushia uzi ili isidondoke.

"Ni kubwa kidogo, Hooyo, lakini siivui."

Mama alishika kichwa. "Wallahi, mwanangu amekonda!"

Nilikuwa nimekaa kando yake. Ningeweza kusema.

Tangu siku hiyo anamwombea kila baada ya sala, kwa jina, kwa machozi. Juzi aliagiza nyama ya ngamia, ikaushwe na kukaangwa kwa samli, apelekewe na msafiri mwingine. Inatakiwa kukatwa vipande vidogo sana. Nimeikata mimi, asubuhi nzima.