Ng'ombe wa Serikali

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa haraka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimepata nafasi ya chuo kikuu, na mkononi nilikuwa na fomu ya mkopo iliyohitaji alama ya kidole cha mzazi. Lori la kunirudisha Isiolo lilikuwa linapakia mbuzi pale Kulamawe. Baba aliketi kando ya zizi, fomu ameishika kichwa chini, akaniuliza kwa Kiborana, "Hii wanayokupa ni hirba au ni dabare?"

Hirba ni mifugo ambayo ukoo humchangia mtu aliyeishiwa. Hairudishwi, na hakuna anayekukumbusha. Dabare ni ng'ombe wa kuazimwa. Maziwa ni yako, wewe na watoto wako, lakini ndama ni wa mwenyewe, na siku akimtaka ng'ombe wake unamswaga hadi kwake bila maneno.

Nikasema dabare. Fomu ilisema mkopo, na nilijiona msomi hodari kwa kulipata neno upesi hivyo. Kuhusu riba nilinyamaza, Mungu anisamehe.

Baba aliiweka fomu chini taratibu. "Kwa hiyo ndama ni wa serikali," akasema, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilielewa ndama anaowawaza ni watoto nitakaowazaa mimi. Akakataa kuweka kidole. Lori likaondoka na mbuzi wake, nami nikabaki nikilia kwa hasira, maana fomu isipofika Nairobi kabla ya mwisho wa mwezi nafasi yangu ingepewa mwingine, na mimi ningeolewa kabla ya mvua.

Kwa siku tatu nilimfuata kama mbuzi aliyefiwa na mama, nikimweleza kwamba serikali haitaki ndama, inamtaka ng'ombe wake peke yake. Alizunguka kwa jamaa zake kutaka ushauri. Jioni ya siku ya tatu akaniomba wino. Alibonyeza kidole kwa nguvu hadi karatasi ikakunjamana, akasema, "Ukimaliza kumkamua, mrudishe. Mimi ndiye niliyempokea."

Basi nikaenda kukamua. Siku ya kupokea pesa za matumizi, ambazo sisi wanafunzi tuliziita bumu, nilinunua viatu vya kisigino ambavyo nisingeweza kutembea navyo hatua kumi nyumbani kwetu. Na jioni tulibishana. Waliotutangulia walisoma bure, tukasema, na sasa wameketi kwenye viti vikubwa wakitufundisha sisi kukopa. Mimi nilikuwa na sauti kuliko wenzangu. Nilisema kila dume ambalo baba yangu ameuza katika soko la Isiolo limekatwa ushuru, kwa hiyo karo yangu ilishalipwa kabla sijajua kusoma. Nilipigiwa makofi. Sijabadili msimamo huo mpaka leo.

Likizo moja nikagundua jambo lililonifanya nitamani ardhi inimeze. Mtu aliyepewa dabare ana wajibu wa kumpelekea mwenyewe habari: amezaa, amekonda, ameugua. Na baba, kila aliposhuka mjini kuuza mnyama, alipita katika ofisi ya elimu, akavua viatu mlangoni, akatoa salamu, na kumweleza karani jinsi ninavyoendelea. Msichana hajambo. Amepita mwaka wa kwanza. Aliugua malaria lakini amepona. Karani, Mmeru mmoja mpole, mwanzoni alidhani mzee amepotea njia. Baadaye alimzoea, akawa anamvutia kiti. Nilimsihi baba aache kunitia aibu. Alinijibu kwamba aibu ni kukaa na mali ya mtu kimya, akaendelea kwenda.

Nilimaliza, nikapelekwa kufundisha sekondari mjini Isiolo, nikapanga chumba na sebule. Barua za kudai mkopo zilikuja mara mbili tatu. Mwalimu mwenzangu alizitumia zake kutandika droo ya chaki, tukacheka. Hakuna tuliyemjua aliyelipa, na hakuna aliyefuatwa. Mimi nilikuwa na sababu zangu: kodi ya nyumba, ndugu wawili shuleni, na ile hotuba yangu ya chuoni ambayo bado niliipenda. Barua zangu nilizichana.

Kisha ukaja ule ukame wa miaka ya themanini. Baba aliingia kwangu asubuhi moja akiwa na fimbo tu, miguu imevimba. Karibu ng'ombe wote walikuwa wamekufa. Wawili kati yao walikuwa dabare ya mtu wa Sericho, na baba alikuwa ametoka huko, safari ya siku nyingi, kumpelekea ngozi zao ili aone kwa macho yake kwamba wamekufa, hawakuuzwa. Nilimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Nilitaka kumgombeza kwa safari ile ya wazimu, lakini nikaenda kumchemshia chai.

Alikunywa chai kikombe kizima ndipo akauliza, "Na yule wa serikali, umemrudisha?"

Nikasema bado. Alinitazama, akisubiri. Kwa kuwa alisubiri, nikampa hotuba yote: waliosoma bure kabla yetu, ushuru wa soko, ukweli kwamba elimu si mali ya kuazimana bali ni haki ya kila mtoto, na kwamba walipaswa kunipa tu, kama ukoo unavyompa mtu wake. Nilisema vizuri sana. Hata mimi nilijisikia.

Baba alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Huenda ni kweli," akasema. "Lakini siku ile nilikuuliza. Ungesema ni hirba, kidole ningeweka siku hiyohiyo, na usingekosa lori."

Alilala kwangu siku mbili, akaondoka.

Juma lililofuata nilikwenda ofisi ya elimu. Nilijiambia naenda kuuliza tu, kwa maana kuuliza si kulipa. Karani alikuwa yuleyule, nywele zimeanza mvi. Nilipotaja kwetu Kulamawe, aliweka kalamu chini.

"Kumbe ndiye wewe, mwalimu," akasema. "Mzee alikuwa hapa Alhamisi. Nilimwambia mambo ya mkopo ni ya Nairobi, si yangu, kama ninavyomwambia siku zote. Akasema ni sawa, ameleta habari tu."

Nikamuuliza habari gani.

Karani alisita, akaangalia pembeni. Kisha akayarudia maneno ya baba kwa Kiswahili cha mzee cha kuungaunga, bila kumdhihaki. "Alisema, 'Ng'ombe iko mzima, iko na afya. Ile mtu nilipatia achunge ndio imepotea.'"

Nilisimama pale mlangoni, mahali baba alipokuwa akivua viatu. Kisha nilimwomba karani aniandikie anwani ya Nairobi.